Sifuri mbili mwishoni

Mwaka 1893 mji wa Kazan, Urusi, uliadhimisha miaka 100 tangu kuzaliwa kwa mwanahisabati Nikolai Lobachevsky. Hotuba zilisomwa, fedha zikachangwa, na waliohudhuria wakasikia sifa za mtu ambaye alipofariki mwaka 1856 wenzake wengi walikuwa hawajaelewa alichokuwa akisema kuhusu jiometri. Miaka mingi baadaye, katika karne ya 20, watafiti waliopekua kumbukumbu za zamani walikuta kwamba hakuzaliwa 1793 kama ilivyoaminika. Alizaliwa tarehe 1 Desemba 1792, kwa kalenda tunayoitumia leo. Sherehe ya Kazan ilikuwa imechelewa mwaka mzima.

Nakipenda sana kisa hiki, maana kosa lile la mwaka halikuharibu kitu. Michango ya sherehe ile ndiyo iliyozaa Tuzo ya Lobachevsky, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1897, na aliyeipata ni Sophus Lie wa Norway. Mwaka 1896 sanamu ya Lobachevsky ilisimamishwa pale pale Kazan. Hesabu ya miaka haikuwa sahihi, lakini ilitosha kuwakutanisha watu na kuwafanya watoe fedha mifukoni kwa ajili ya jiometri ambayo pembe tatu za pembetatu hazifiki nyuzi 180.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Kila mwezi hubandika karatasi kwenye ukuta wa darasa: picha ya mwanahisabati aliyezaliwa au kufariki mwezi huo, mistari michache kuhusu maisha yake, na swali moja la kutafuna. Aprili hunisumbua kila mwaka kwa jinsi ilivyojaa. Tarehe 6 alifariki Niels Henrik Abel, tarehe 14 Emmy Noether, tarehe 26 Srinivasa Ramanujan. Tarehe 15 alizaliwa Leonhard Euler, tarehe 25 Andrei Kolmogorov, tarehe 30 Carl Friedrich Gauss. Nafasi ukutani ni moja. Kila ninapokaa kuchagua, naona jinsi tarehe zinavyoamua jambo ambalo lilipaswa kuamuliwa na kazi za watu hawa. Na mmoja wao akitimiza miaka 100, 200 au 300, hata kuchagua hakupo tena. Mwaka 2007, Euler alipotimiza miaka 300, alikuwa kila mahali: kwenye makongamano, kwenye vitabu vipya, kwenye stempu ya Uswisi.

Kwa miaka mingi sasa nimekuwa nikizifuatilia kumbukizi hizi, na nimefikia mahali pa kuzipima kwa kitu kimoja tu. Ninauliza: baada ya viti kukunjwa na wageni kuondoka, kumebaki nini cha kusoma ambacho hakikuwepo kabla? Sanamu ni nzuri, stempu ni nzuri, lakini mwanahisabati anaishi kwenye karatasi zake. Kumbukizi iliyofungua sanduku la karatasi hizo imefanya kazi ambayo hata miaka mingine mia haiwezi kuifuta.

Euler ndiye mfano wangu wa kwanza. Huyu aliandika kazi zaidi ya 800, nyingine akiwa haoni kabisa. Mwaka 1883, ilipotimia miaka 100 tangu afariki, mwanahisabati Ferdinand Rudio alisimama Zurich akadai kazi zote za Euler zikusanywe na kuchapishwa. Ilibaki kuwa hotuba. Hakunyamaza. Akasubiri hadi 1907, miaka 200 ya kuzaliwa kwa Euler, akaisukuma tena hoja ile ile, na safari hii Waswisi wakakubali. Juzuu ya kwanza, ile ya aljebra, ilitoka 1911. Kazi hiyo imezidi juzuu 70 na ilichukua zaidi ya karne moja, na waliokuja kuikaribia mwisho wake ni watu ambao hata babu zao hawakumwona Rudio. Namheshimu mtu huyu kuliko wengi waliotoa hotuba za sifa, kwa sababu aliona tarehe mbili kwenye kalenda, akajua zinaweza kutumika kwa nini, na ya kwanza ilipompita bila mafanikio akaisubiri ya pili kwa miaka 24.

Gauss naye anadaiwa na kumbukizi, na ajabu ni kwamba haikuwa yake. Shajara yake ndogo ya kisayansi inaanza tarehe 30 Machi 1796, kwa mstari kuhusu kugawanya duara katika sehemu 17 zilizo sawa. Ilikaa mikononi mwa familia hadi mwisho wa karne ya 19. Felix Klein aliichapisha mwaka 1901 ndani ya kitabu cha kuadhimisha miaka 150 ya chama cha sayansi cha Göttingen. Chama kilikuwa kinajisherehekea chenyewe, na katika kutafuta zawadi ya kufaa siku hiyo dunia ikapata ushahidi kwamba kijana huyu alikuwa ameshafika mahali ambapo wengine walikuja kufika baada ya miaka mingi, akanyamaza. Sanamu yake ya Braunschweig ina nyota ya ncha 17 kwenye kitako chake, nami nafurahi kuwa ipo. Lakini nikiambiwa nichague kati ya nyota ile na zile kurasa chache za 1901, sitachukua hata dakika kufikiri.

Sasa Ramanujan, mwanahisabati wa India, ambaye nataka kukaa naye kidogo.

Ile picha yake tunayoijua wote, ya kijana mwenye macho makubwa anayetazama moja kwa moja kwenye kamera, ilitoka kwenye hati yake ya kusafiria ya mwaka 1919. Imefikaje vitabuni? Mwaka 1936 chuo kikuu cha Harvard kilikuwa kinatimiza miaka 300, na G. H. Hardy, mwanahisabati wa Uingereza aliyefanya kazi na Ramanujan, alialikwa kwenda kuhutubia. Akachagua kumzungumzia Ramanujan, aliyekuwa amefariki miaka 16 kabla. Picha pekee iliyokuwa inapatikana ilikuwa ya Ramanujan amevalishwa joho na kofia ya mahafali, na Hardy hakuipenda hata kidogo. Akamwomba mwanafizikia Subrahmanyan Chandrasekhar, aliyekuwa anakwenda India mwaka huo, amtafutie nyingine. Chandrasekhar alimfuata mjane wa Ramanujan, Janaki, na kutoka kwake ikapatikana ile hati ya kusafiria. Picha ikaingia kwenye kitabu cha Hardy cha mwaka 1940, na tangu hapo uso huo ndio Ramanujan. Kumbukizi ya chuo kilichoko bara jingine ndiyo iliyotupa sura ya mtu aliyezaliwa Erode, India, na kufariki akiwa na umri wa miaka 32.

Janaki aliishi hadi 1994. Kwa sehemu kubwa ya maisha hayo alijipatia riziki kwa kushona nguo. Alikuwa amewahi kuahidiwa kwamba mume wake atajengewa sanamu, na alipohojiwa na gazeti akiwa mzee aliuliza sanamu yenyewe iko wapi. Maneno hayo yalimfikia Richard Askey, mwanahisabati wa Marekani, akaanza kuwaandikia wenzake duniani kote. Walichanga wao wenyewe, mmoja mmoja, na mchongaji Paul Granlund akatengeneza sanamu ya shaba ya kichwa na mabega akifuata ile picha ya hati ya kusafiria. Moja ilipelekwa kwa Janaki. Hapakuwa na mwaka wenye sifuri wala kamati ya sherehe. Mjane aliuliza swali, na watu waliokuwa wamekula matunda ya kazi ya mume wake wakaona aibu kutomjibu.

Miaka michache baadaye ikaja 1987, miaka 100 ya kuzaliwa kwake, na hapo ndipo karatasi zikafunguka. Mwaka 1976 mwanahisabati George Andrews alikuwa amekuta kwenye maktaba ya Trinity College, Cambridge, ndani ya sanduku la karatasi za marehemu G. N. Watson, mkusanyo wa kurasa zilizoandikwa na Ramanujan katika mwaka wake wa mwisho. Zina kanuni zaidi ya 600, karibu zote bila uthibitisho. Kwa miaka 11 kurasa hizo zilijulikana kwa wachache waliokuwa na nakala. Kumbukizi ya 1987 ndiyo iliyozitoa kama kitabu cha picha za kurasa zenyewe, na waziri mkuu wa India, Rajiv Gandhi, akahusika kukizindua. Kuanzia hapo mtu yeyote angeweza kukaa na mwandiko wa Ramanujan na kujaribu. Andrews na Bruce Berndt waliendelea kuzithibitisha kanuni hizo katika juzuu tano, ya mwisho ikitoka 2018.

Nimewahi kuweka ukurasa mmoja wa mwandiko ule ukutani, bila maelezo yoyote. Wanafunzi walisimama mbele yake muda mrefu kuliko walivyowahi kusimama mbele ya picha ya mtu. Mmoja alifuata mstari kwa kidole, akafika kwenye alama ya kuendelea bila kikomo, akauliza, "Mwalimu, amejuaje kwamba inafika hapo?" Hilo ndilo swali ambalo Hardy mwenyewe alijiuliza maisha yake yote, na halikuzuka kwa sababu ya habari za umaskini wa Ramanujan au kile kisa chake na Hardy cha teksi namba 1729. Lilizuka kwenye karatasi.

Nasema hivi kwa sababu kumbukizi nyingi zina tabia moja inayonikera: hupenda kifo kuliko kazi. Galois huletwa na bastola, Abel na kifua kikuu, Turing na tufaha kando ya kitanda. Naelewa kwa nini. Kisa cha kifo kinasimulika kwa dakika mbili, na nadharia ya makundi ya Galois haisimuliki hivyo. Lakini mtu anayemjua Évariste Galois kwa risasi ya tarehe 30 Mei 1832 peke yake hajakutana naye bado.

Mchukue Abel. Alizaliwa 5 Agosti 1802, akafariki akiwa na miaka 26, na barua ya rafiki yake Crelle kumwambia kwamba kazi imepatikana Berlin iliandikwa siku mbili baada ya yeye kufariki. Kisa hicho hakikosekani kwenye hotuba. Kinachokosekana mara nyingi ni kijitabu cha mwaka 1824, alichokilipia mwenyewe akiwa hana fedha, kinachothibitisha kwamba milinganyo ya daraja la tano haina kanuni ya jumla ya kuitatua kwa mizizi. Kwa kuogopa gharama ya uchapaji aliubana uthibitisho mzima kwenye kurasa sita, hadi waliousoma wakapata taabu kuufuata. Swali lililowashinda watu kwa karne mbili na zaidi lilifungwa na kijana aliyekuwa anahesabu kurasa kwa ajili ya mchapaji. Mwaka 2024 kijitabu hicho kilitimiza miaka 200, nami nilikiweka ukutani badala ya kuweka sura yake.

Abel pia anaonyesha jinsi kumbukizi inavyoweza kushindwa kabisa. Alfred Nobel hakuiweka hisabati kwenye tuzo zake, na Sophus Lie, kabla ya kufariki 1899, alipigania iwepo tuzo ya Abel. Mwaka 1902, miaka 100 ilipotimia, Mfalme Oscar II aliyezitawala Sweden na Norway alikuwa tayari kuitolea fedha. Kisha mwaka 1905 nchi hizo mbili zikaachana, na tuzo ikafa. Kilichobaki ni sanamu ya Gustav Vigeland iliyozinduliwa 1908. Ilibidi zipite sifuri nyingine mbili. Kwa miaka 200, mwaka 2002, serikali ya Norway ilitenga mfuko wa kroner milioni 200, na 2003 tuzo ya kwanza ikaenda kwa Jean-Pierre Serre. Leo ni kati ya heshima kubwa kabisa ambazo mwanahisabati anaweza kupewa. Ingelikuwa Abel alizaliwa mwaka mwingine wowote, sijui kama mtu yeyote angeikumbuka ahadi ya mfalme aliyekufa.

Newton alichelewa kwa sababu nyingine. Alizaliwa siku ya Krismasi ya 1642 kwa kalenda ya Uingereza ya wakati ule, ambayo kwetu ni 4 Januari 1643. Miaka 300 ilitimia vita vikiwa vimepamba moto, kwa hiyo sherehe kubwa ya Royal Society, chama cha sayansi cha Uingereza, ilisubiri hadi Julai 1946. John Maynard Keynes, mchumi, alikuwa ameandaa hotuba kwa ajili yake. Yeye ndiye aliyekuwa amenunua karatasi nyingi za Newton zilizouzwa kwenye mnada mwaka 1936, zile ambazo watu wa zamani waliziona hazifai kuchapishwa: maandishi ya kugeuza madini, maandishi ya unabii, hesabu za nyakati za Biblia. Keynes alifariki Aprili 1946, na hotuba ikasomwa na ndugu yake, Geoffrey. Humo alisema kwamba Newton hakuwa mtu wa kwanza wa zama za akili bali wa mwisho katika waganga wa kale. Fikiria kukaa kwenye ukumbi ule, umekuja kumsifu Newton wa marumaru, halafu unasomewa hayo kutoka kwa mtu aliyekwisha kufa. Hii kwangu ni kumbukizi bora kabisa, kwa sababu iliwarudisha watu kwenye masanduku. Newton tunayemjua sasa, yule aliyetumia miaka juu ya tanuru kama alivyoitumia juu ya mvutano wa sayari, tulianza kukutana naye hadharani siku zile.

Wakati mwingine kinachodaiwa ni radhi. Tarehe 23 Juni 2012 Alan Turing alitimiza miaka 100, na mwaka mzima ulipewa jina lake. Kwa kipimo changu mwaka ule ulifaulu: shirika la ujasusi la Uingereza, GCHQ, lilitoa hadharani maandishi yake mawili ya wakati wa vita, yahusuyo matumizi ya uwezekano katika kuvunja maandishi ya siri, yaliyokuwa yamefungiwa kwa takriban miaka 70. Lakini haki ilikuja kwa ratiba tofauti. Serikali iliomba radhi Septemba 2009, baada ya maelfu ya watu kusaini ombi lililoanzishwa na John Graham-Cumming, kabla hata miaka 100 haijafika. Ombi la kumsamehe rasmi kwa hukumu ya 1952, aliyopewa kwa sababu ya mapenzi ya jinsia moja, lilikataliwa mwaka 2012, katikati ya sherehe zile zile, na msamaha ukatolewa 24 Desemba 2013. Sheria iliyowafikia wanaume wengine waliohukumiwa kama yeye ilikuja 2017. Kisha Benki ya Uingereza ikaichagua siku yake ya kuzaliwa, 23 Juni 2021, kuanza kutumika kwa noti ya pauni 50 yenye sura yake. Naona uzito mkubwa katika hilo la 2017 kuliko noti. Wale wengine hawakuwa na kumbukizi.

Na Galois alikwisha kuombwa radhi zamani, mwaka 1909, mwaka usiokuwa na hesabu yoyote ya kupendeza ndani yake. Mji wake wa Bourg-la-Reine uliweka kibao kwenye nyumba alikozaliwa. Jules Tannery alikwenda kuzungumza kwa niaba ya École Normale, shule iliyomfukuza kijana yule, na badala ya kujivunia mwanafunzi wake maarufu alitumia nafasi hiyo kumwomba radhi Galois kwa jina la shule. Alisema wazi kwamba shule haikumwelewa na ilimfukuza, na kwamba hata hivyo ni mmoja wa fahari zake kubwa. Laiti kila taasisi inayopanda jukwaani kumsifu marehemu ingeanza hivyo.

Jambo hili la sifuri lina upande ambao sisi wa hisabati tunapaswa kuuona kwanza. Mia moja ni namba maalumu kwa sababu tuna vidole kumi, basi. Kama tungehesabu kwa kumi na mbili, sifuri mbili mwishoni zingemaanisha miaka 144, na karne ya Ramanujan ingetimia 2031, ya Turing 2056. Ukihesabu kwa mbili, kama mashine alizoziwaza Turing zinavyohesabu, miaka yake ya sherehe ingekuwa 1976 na 2040, yaani 64 na 128. Watu wangekuwa wale wale na kazi ile ile, ila wajukuu tofauti ndio wangekaa kwenye ukumbi. Huwapa wanafunzi zoezi hili, kila mmoja aitafute karne ya mwanahisabati wake katika namna tatu za kuhesabu, na huwa hawaiangalii tena kalenda kwa macho yale yale.

Kabla ya sifuri, lakini, sharti tarehe iwepo. Fermat alitolewa stempu na Ufaransa mwaka 2001 kwa miaka 400 tangu 1601. Mwaka huo huo Klaus Barner wa Ujerumani alichapisha hoja kwamba mtoto aliyebatizwa 1601 ni mwingine wa baba yule yule, na kwamba Fermat wetu alizaliwa miaka kadhaa baadaye, karibu na 1607. Fermat ataishi tu, ana teorema yake. Ila al-Khwarizmi, ambaye jina la aljebra limetoka kwenye kitabu chake, je? Hakuna ajuaye siku yake, wala mwezi, wala mwaka. Vitabu husema karibu na 780. Umoja wa Kisovieti ulitoa stempu 1983 kwa miaka 1200 ya kuzaliwa kwake, maana yake uliamua kuwa ni 783, na sioni ubaya wowote katika kuamua hivyo. Kosa la Kazan limenifundisha kuwa mwaka wa kukisia unatosha kabisa. Ubaya ni kumwacha mtu nje kwa sababu hakuna karani aliyeandika. Ukutani kwangu kuna karatasi ambayo haishuki mwezi unapoisha: Euclid yupo hapo, al-Khwarizmi yupo, na Hypatia, ambaye mwaka tunaoujua ni ule aliouawa tu. Mwanafunzi akiniuliza wamezaliwa lini, namwambia hatujui, asome walichofanya.

Kuna njia nyingine, nayo ni kusherehekea siku ya wazo. Tarehe 16 Oktoba 1843 William Rowan Hamilton alikuwa anatembea na mke wake kando ya mfereji kuelekea Dublin, akapata ghafla kanuni ya kwaternioni, namba zenye sehemu nne alizokuwa akizitafuta kwa miaka, akaichonga kwa kisu kwenye jiwe la daraja la Broom: i² = j² = k² = ijk = −1. Maandishi yake yamefutika. Kibao kilichopo leo kilizinduliwa 1958 na Éamon de Valera, waziri mkuu wa Ireland wakati huo, aliyekuwa mwalimu wa hisabati kabla ya siasa. Tangu 1990, kila tarehe 16 Oktoba, wanahisabati wa Maynooth huongoza matembezi kutoka Dunsink, alikoishi Hamilton, hadi darajani. Kila mwaka, uwe na sifuri au usiwe nayo. Watu hutembea njia aliyoitembea, wanafika, na mtu anaieleza kanuni. Hakuna mwenye nafasi ya kuzungumzia kingine, kwa sababu daraja lenyewe limebeba kanuni.

Emmy Noether alinufaika na njia hii pia. Kwa muda mrefu habari zake zilikuwa za manyanyaso: Göttingen alifundisha bila malipo, masomo yake yakitangazwa kwa jina la mwenzake David Hilbert. Ni kweli na yasisahaulike. Lakini mwaka 2018 kilichotimiza miaka 100 kilikuwa teorema yake, na wanafizikia na wanahisabati walikusanyika kuizungumzia: kwamba kila ulinganifu endelevu wa kanuni za maumbile una kitu kinachobaki bila kupungua wala kuongezeka. Kanuni zisipobadilika kwa kupita kwa wakati, nishati inabaki ile ile. Mwaka ule nilimsikia akitajwa kama mwenye teorema kwanza, na hayo mengine yakafuata.

Nina miaka miwili mitatu ya mbele niliyoizungushia duara. Tarehe 17 Septemba 2026 ni miaka 200 ya Riemann, na 30 Aprili 2027 ni 250 ya Gauss. Hao hawahitaji msaada wangu. Wangu ni 2041. Muhammad ibn Muhammad, msomi wa Katsina, ambayo leo iko Nigeria, alikwenda kuhiji, akakaa Cairo, na huko aliandika kwa Kiarabu kitabu kuhusu miraba ya ajabu, ile ambayo kila safu, kila mstari na kila mshazari hutoa jumla moja. Alieleza jinsi ya kuijenga ile yenye idadi witiri ya safu, na alimsihi msomaji wake asikate tamaa njiani. Alifariki Cairo mwaka 1741. Mwaka wake tunao, na maandishi yapo. Anayesoma Kiarabu cha zamani na anayeipenda hisabati aniandikie: tuna muda wa kutosha kukitafsiri kwa Kiswahili chote, pamoja na miraba yake, kabla sifuri hazijafika.